MADA YA SABA: KUUNGANISHA SIMU NA KUGAWANA INTANETI BILA WAYA

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:

(a) kueleza maana ya hotispoti, Wi-Fi, Bluetooth na bando;
(b) kueleza jinsi simu moja inavyovipa vifaa vingine intaneti;
(c) kutofautisha kugawana intaneti na kutumiana faili;
(d) kukokotoa matumizi ya data na muda wa kupakua;
(e) kutaja hatua za usalama na kutatua matatizo ya kawaida.

7.1 Utangulizi

Mpendwa mwanafunzi, mada hii wengi huiruka kwa kudhani wanaijua. Wanasema, "Hotispoti? Si unawasha tu!" Kuwasha ni rahisi. Swali la mtihani, na swali la maisha pia, ni nini kinatokea baada ya kuwasha, na nani analipa.

Nitakupa tukio moja kabla ya maelezo. Mwaka mmoja, baada ya matokeo ya Kidato cha Nne kutoka, vijana watano niliowafundisha walinifuata nyumbani hapa Rujewa. Ilikuwa jioni ya mwisho ya kubadilisha tahasusi kwenye mfumo wa mtandaoni. Mimi ndiye niliyekuwa na bando, kwa hiyo niliwasha hotispoti nikawapa nywila. Wa kwanza akamaliza, wa pili akamaliza, na wa tatu pia. Wa nne akaniuliza, "Mwalimu, mbona inazunguka tu?" Kuangalia salio la bando, halikuwepo. Salio la fedha nalo lilikuwa sifuri, na kibanda cha vocha kilikuwa kimeshafungwa. Wawili walibaki na machaguo yao ya zamani.

Fomu zile zilikuwa nyepesi, wala vijana wale hawakumaliza bando. Lililimalizwa na kompyuta mpakato yangu mwenyewe, iliyokuwa mezani imefunikwa na daftari. Ilijiunga na hotispoti kwa sababu iliwahi kuunganishwa siku za nyuma, ikaanza kupakua masasisho yake kimyakimya. Ukiielewa mada hii vizuri, kosa langu halitakuwa lako.

*Angalizo:* Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mazoezi ya vitendo ya mada hii yafanye nyumbani kwa ruhusa ya mzazi au mlezi, au katika chumba cha kompyuta chini ya mwalimu wa TEHAMA.

7.2 Maana ya maneno muhimu

*Bando (kifurushi):* kiasi cha data ulichonunua kutoka kampuni ya simu, kinachopimwa kwa megabaiti (MB) au gigabaiti (GB), mara nyingi kikiwa na muda wa mwisho wa matumizi.

*Wi-Fi:* njia ya kuunganisha vifaa kwa mawimbi ya redio, bila waya. Kanuni zake za kwanza za kiufundi, zinazoitwa 802.11, zilitolewa mwaka 1997. Jina Wi-Fi lilianza kutumika mwaka 1999.

*Hotispoti:* hali ambapo simu yenye data inatengeneza mtandao wake mdogo wa Wi-Fi ili vifaa vingine vipate intaneti kupitia simu hiyo. Katika simu zilizowekwa Kiswahili unaweza kukuta neno "mtandaopepe".

*Bluetooth:* njia nyingine ya mawimbi ya redio, ya umbali mfupi na kasi ndogo. Jina limetokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeitwa Jino la Bluu. Alikumbukwa kwa kuunganisha watu wake, kama teknolojia hii inavyounganisha vifaa.

*Nywila:* neno la siri linalomruhusu mtu kuingia katika mtandao.

7.3 Jinsi inavyofanya kazi

Anayeishi Usangu ameshaona mfano wake mashambani. Kwenye skimu ya mpunga maji hutoka mtoni kupitia banio, yanaingia mfereji mkuu, kisha yanagawanywa kwenye majaruba. Majaruba yote yanategemea banio lile lile. Mkulima wa juu akifungulia maji yote usiku, wa chini akiamka anakuta udongo umepasuka.

Linganisha hivi:

- Mto ni intaneti yenyewe.
- Banio ni muunganisho kati ya simu yako na mnara wa kampuni ya simu.
- Mfereji ni hotispoti.
- Majaruba ni vifaa vilivyounganishwa: simu, kishikwambi, kompyuta.
- Kiasi cha maji ulichoruhusiwa kutumia ni bando.

Sasa tufuate safari ya ukurasa mmoja. Rafiki yako anafungua tovuti ya Baraza la Mitihani kwa hotispoti yako. (1) Simu yake inatuma ombi kwa simu yako kwa mawimbi ya Wi-Fi. (2) Simu yako inaandika kumbukumbu ya nani ameomba, kisha inalipeleka ombi mnarani kwa jina la laini yako. (3) Kutoka mnarani ombi linasafiri kwa mitambo na nyaya hadi kwenye kompyuta inayohifadhi tovuti. Kama tovuti iko nje ya nchi, ombi linaweza kupita kwenye nyaya za chini ya bahari. SEACOM, mmojawapo wa nyaya hizo, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. (4) Jibu linarudi hadi kwenye simu yako, nayo inaangalia kumbukumbu yake na kumpelekea rafiki yako.

Hatua ya (2) inatupa mambo mawili ya kukariri:

*Kwanza*, mtandao wa nje hauoni simu sita. Unaona laini moja, yako. Kila kinachofanywa kupitia hotispoti yako kinaonekana kimetoka kwako.

*Pili*, mawimbi ya kutoka simu hadi simu hayalipiwi. Bando linatumika pale tu taarifa zinapokwenda mnarani au kutoka mnarani. Sentensi hii ndiyo moyo wa mada nzima.

7.4 Kugawana intaneti na kutumiana faili

Watahiniwa wengi huchanganya mambo haya mawili.

*Kugawana intaneti:* kifaa cha pili kinatoka nje kupitia simu yako. Bando lako linapungua.

*Kutumiana faili:* faili lililokwisha kupakuliwa linahamishwa kutoka kifaa kimoja hadi kingine kwa Bluetooth, au kwa Wi-Fi ya moja kwa moja kati ya simu mbili. Taarifa hazipiti mnarani. Bando halipungui hata MB moja, na unaweza kufanya hivyo hata kama laini haina salio au eneo halina mtandao kabisa.

*Mfano 1.* Wanafunzi 6 wanahitaji mitihani 10 ya miaka iliyopita. Kila mtihani ni faili la MB 2. Linganisha njia mbili za kuipata.

Njia A: kila mmoja anapakua mwenyewe kwa hotispoti ya mmoja wao.
6 × 10 × 2 = MB 120.

Njia B: mmoja anapakua, kisha anawatumia watano kwa Bluetooth.
1 × 10 × 2 = MB 20.

Kilichookolewa: 120 − 20 = MB 100.

Mitihani ni ile ile na wanafunzi ni wale wale. Kwa hiyo kabla ya kuwasha hotispoti jiulize: wenzangu wanahitaji intaneti, au wanahitaji faili nililonalo tayari? Kujaza fomu ya mtandaoni kunahitaji intaneti. Kusoma mtihani wa zamani kunahitaji faili tu.

7.5 Njia za kugawana intaneti

(i) *Hotispoti ya Wi-Fi.* Ina kasi kubwa na hupokea vifaa kadhaa kwa pamoja. Idadi hutegemea aina ya simu. Mahali pa wazi hufika mita 20 hadi 30 hivi. Kuta za matofali na milango ya chuma hupunguza umbali huo. Udhaifu wake ni kwamba inakula chaji sana na simu hupata joto.

(ii) *Bluetooth.* Umbali ni kama mita 10 kwa simu za kawaida, na kasi ni ndogo. Ubora wake ni kutumia chaji kidogo. Inafaa kwa kusoma ujumbe au kujaza fomu nyepesi wakati umeme umekatika na chaji ni ya kubana. Haifai kwa video.

(iii) *Waya wa USB.* Siyo njia ya bila waya, lakini hutajwa katika mitihani kwa kulinganisha. Kompyuta inapata intaneti huku ikiichaji simu, na mtu aliye mbali hawezi kujiunga.

*Masafa ya mawimbi.* Wi-Fi ya simu nyingi hutumia GHz 2.4 au GHz 5. Masafa ya 2.4 yanafika mbali zaidi na yanapenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya 5 yana kasi zaidi lakini yanachoka mapema, na simu nyingi za zamani haziyaoni kabisa. Bluetooth nayo hutumia GHz 2.4.

7.6 Hatua za kuwasha hotispoti

Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini mpangilio ni huu:

1. Angalia salio la bando kwanza. Usianze safari bila kujua mafuta yaliyomo.
2. Washa data ya simu.
3. Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti, kisha hotispoti.
4. Badilisha jina la mtandao. Usitumie jina lako kamili wala namba yako ya simu, kwa sababu jina hilo linaonekana na kila mpita njia. Kwenye iPhone, jina la mtandao ni jina la simu yenyewe.
5. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, usiache wazi.
6. Weka nywila. Isipungue herufi 8, na ichanganye herufi na tarakimu.
7. Washa. Mwenzako afungue Wi-Fi kwenye simu yake, achague jina la mtandao wako na aandike nywila.
8. Rudi kwenye ukurasa wa hotispoti uhesabu vifaa vilivyounganishwa. Mkiwa watu watano na orodha inaonyesha vifaa sita, cha sita ni cha nani?
9. Mkimaliza, zima.

Hatua ya 8 ndiyo niliyoiruka jioni ile. Ingenichukua nukta tano tu kuifuata.

7.7 Kwa nini bando huisha ghafla

Kifaa kinachopokea hotispoti kinaona Wi-Fi. Vifaa vingi vimetengenezwa kwa kudhani kwamba Wi-Fi haipimwi, kama ile ya ofisini, na data ya simu ndiyo ya kubana. Vingine hutambua kwamba Wi-Fi hii inatoka kwenye simu vikajizuia, vingine havitambui. Visipotambua, hufanya kazi zote vilizokuwa vimeziahirisha:

- kusasisha programu;
- kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni;
- kupakua video za makundi ya WhatsApp zenyewe, maana mpangilio wake wa kawaida huruhusu zaidi kukiwa na Wi-Fi.

*Tiba yake:* katika kifaa kinachopokea, fungua maelezo ya mtandao huo wa Wi-Fi na uuweke kuwa mtandao unaopimwa. Kompyuta mpakato nazo zina mpangilio huo. Kisha zima masasisho ya kujiendesha na upakuaji wa video usioomba ruhusa. Simu nyingi pia hukuruhusu kuweka kikomo cha data upande wa mtoaji. Ukifika, data inajizima.

Walimu waliopokea vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 nao wazingatie hili wanapoviunga na simu zao. Kishikwambi kilichokaa kabatini likizo nzima kinaweza kuwa na masasisho mengi yanayosubiri.

7.8 Kukokotoa muda wa kupakua

Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti kwa sekunde (Mb/s). Ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti (MB). Baiti 1 = biti 8. Anayesahau kuzidisha kwa 8 anapoteza alama zote za swali.

*Kanuni:* Muda (sekunde) = (ukubwa kwa MB × 8) ÷ kasi kwa Mb/s

*Mfano 2.* Simu inapokea intaneti kutoka mnarani kwa kasi ya Mb/s 6. Kiungo cha Wi-Fi kati yake na simu ya pili kinaonyesha Mb/s 72. (a) Simu ya pili itapakua video ya MB 45 kwa muda gani ikiwa peke yake? (b) Je, wakiwa watatu wanaopakua video ya ukubwa huo kwa wakati mmoja na kugawana kasi sawasawa?

Suluhisho:
(a) 45 × 8 = megabiti 360. 360 ÷ 6 = sekunde 60.
(b) Kasi ya kila mmoja: 6 ÷ 3 = Mb/s 2. 360 ÷ 2 = sekunde 180, yaani dakika 3.

Zingatia kwamba hatukugawa kwa 72. Mfereji uwe mpana namna gani, maji hayazidi yanayopita kwenye banio. Ukisogea karibu na mwenye hotispoti huku mnara ndio dhaifu, hutaona tofauti. Simu inayotoa intaneti ndiyo ipelekwe dirishani au nje, panapopata mtandao vizuri.

7.9 Usalama na sheria

Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, zikihusishwa na kitambulisho cha Taifa. Unganisha jambo hilo na 7.3: atakachotuma mwingine kupitia hotispoti yako kinatokea kwenye laini yenye jina lako. Matusi, picha chafu au utapeli vikifuatiliwa, mlango wa kwanza kugongwa unaweza kuwa wako. Hivyo:

- mpe nywila mtu unayemfahamu tu;
- ibadilishe baada ya kuitoa kwa kundi;
- usiruhusu msimbo wa QR wa hotispoti yako upigwe picha, kwa kuwa nywila iko ndani yake;
- ukiwa mpokeaji katika mtandao usioujua, stendi au dukani, usifanye miamala ya fedha wala kuandika nywila zako za siri;
- usiwashe Bluetooth muda wote, na usipokee faili usiloliomba.

Kuingia kwenye mtandao au mfumo wa mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kubahatisha nywila ya jirani siyo ujanja.

7.10 Matatizo ya kawaida na utatuzi

*Imeunganishwa lakini hakuna intaneti.* Mfereji upo, banio limefungwa. Angalia kama data ya mtoaji imewashwa, kama bando lipo na kama mnara unapatikana.

*Jina la hotispoti halionekani.* Huenda mtoaji anatumia GHz 5 na simu ya mpokeaji ni ya zamani. Badilisha iwe 2.4.

*Hotispoti inajizima.* Simu nyingi huizima zisipoona kifaa kwa dakika kadhaa, au chaji ikiwa ndogo. Badilisha mpangilio huo au chomeka chaja.

*Nywila inakataliwa.* Herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Pia tofautisha sifuri na herufi O.

7.11 Muhtasari

Hotispoti hugawa muunganisho mmoja, haiongezi. Taarifa kati ya simu na simu hazilipiwi. Zinazopita mnarani ndizo zinazolipiwa. Faili lililokwisha kupakuliwa litumwe, lisipakuliwe upya. Kasi huamuliwa na sehemu nyembamba zaidi ya njia. Mwenye laini ndiye mwenye dhamana. Na kabla ya shughuli yenye tarehe ya mwisho, hesabu vifaa, weka bando la akiba na usingoje jioni ya mwisho.

Maswali ya kujipima

1. Chagua jibu sahihi. Bando la mtoaji halipungui pale mwenzake (A) anapojaza fomu kwa hotispoti (B) anapopokea faili kwa Bluetooth (C) anapotazama video mtandaoni (D) anaposasisha programu.

2. Taja tofauti tatu kati ya hotispoti ya Wi-Fi na Bluetooth katika kugawana intaneti.

3. Faili la MB 30 linapakuliwa kwa kasi ya Mb/s 8. Kokotoa muda (a) kwa mtu mmoja (b) kwa watu wawili wanaopakua faili la ukubwa huo kwa pamoja na kugawana kasi sawasawa.

4. Mwalimu ana bando la MB 500. Wanafunzi 4 wanahitaji MB 15 kila mmoja kujaza fomu, mmoja baada ya mwingine. Kabla hawajaanza, kompyuta inapakua masasisho ya MB 460. (a) Wanafunzi wangapi watamaliza? (b) Mwalimu alipaswa kufanya mambo gani mawili?

5. "Aliyetuma ujumbe ule siyo mimi, ni rafiki aliyetumia hotispoti yangu." Eleza kwa nini mwenye laini anaweza kuulizwa hata hivyo.

Majibu ya kuongoza

1. B.

2. Wi-Fi ina kasi zaidi. Ina umbali mkubwa zaidi. Inakula chaji zaidi.

3. (a) 30 × 8 = 240; 240 ÷ 8 = sekunde 30. (b) Kasi ya kila mmoja ni Mb/s 4; 240 ÷ 4 = sekunde 60.

4. (a) 500 − 460 = MB 40. Wawili hutumia MB 30; zinabaki MB 10, hazimtoshi wa tatu. Watamaliza wawili. (b) Kukagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuiondoa kompyuta. Kuiweka kompyuta itambue kuwa mtandao huo unapimwa.

5. Simu ya mtoaji hupeleka maombi yote mnarani kwa laini yake, na laini hiyo imesajiliwa kwa jina lake. Mtandao wa nje hauoni simu ya rafiki.